Moshi wa Rugarama

Mukakalisa alikuwa mtu wa kuamka na pua kabla ya macho. Kabla hajajua kama kumekucha, kabla hajasikiliza mumewe anahemaje kwenye kitanda cha pili, pua ilikuwa imeshatoka nje, imezunguka migomba, imefika ukingoni mwa mlima na kurudi na habari. Moshi wa mafunjo yaunguayo bondeni ulikuwa na ukakasi kama maziwa yaliyoanza kuchacha. Moshi wa miti ulikuwa mzito, ukishuka kifuani ulikaa. Moshi wa rweya, zile nyika za juu wanakochunga ng'ombe, ulikuwa mwepesi na mweupe, unapita kama mgeni asiyetaka kukaribishwa.

"Wa leo ni upi?" Polikarpi akauliza bila kufumbua macho.

"Wa nyasi."

"Umetoka wapi?"

"Ng'ambo."

Polikarpi akageukia ukutani. Ng'ambo maana yake ni ng'ambo ya mto Kagera, Rwanda, na ng'ambo ndiko alikokuwa binti yao Immaculata, au ndiko alikokuwa hayuko. Hilo ndilo lililokuwa likibishaniwa katika nyumba ile tangu mwaka uliopita.

Mukakalisa akatoka na daftari lake. Nyumba yao ilikuwa upande wa Kyerwa, pale ardhi inapochoka kuwa juu na kuanza kuteremkia mtoni; siku ya hewa safi ungeweza kuviona vilima vya ng'ambo vimelala kama migongo ya ng'ombe wanaocheua. Agosti ile ya mwaka tisini na tano hewa haikuwa safi hata siku moja. Alisimama, akanusa tena ili asije akaandika uongo, kisha akaandika kwa herufi kubwa za darasa la nne: "Asubuhi. Moshi toka magharibi. Mweupe. Nyasi tupu."

Kazi hiyo ilimjia mwezi Juni. Kulikuwa na ofisi ya misitu Kayanga iliyotaka kujua moshi wa mioto ya nyika unatoka wapi na kuelekea wapi. Upepo wa kiangazi kwa kawaida hutoka mashariki, ziwani, lakini kuna siku hugeuka, na siku hizo ndizo walizozitafuta. Mtu wa ofisi aliitwa Gaudiosus, mwenyeji wa Kituntu, mwenye mke na watoto wawili na pikipiki iliyokuwa ikitimua kuku wa kitongoji kizima. Alipita nyumba za ukingoni akiuliza nani anajua kuandika, na kila mmoja akamnyooshea kidole nyumba ya Mukakalisa.

"Mama, wewe utakuwa macho yetu ya chini," alimwambia. "Ya juu tunayo."

"Ya juu yapi?"

"Setelaiti. Ni chombo kinazunguka huko juu, kinapiga picha nchi nzima, na moshi wake."

Deodatha, jirani yake Mnyambo, mwenyeji wa Karagwe ile, ambaye hakuwahi kukosa mazungumzo ya watu, alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi. "Kama kinaona moshi," akasema, "basi kitamwona na mtu aliyechuchumaa nyuma ya mgomba."

"Hapana, mama. Mtu ni mdogo mno."

"Afadhali. Maana mume wangu hana aibu."

Malipo yalikuwa mche wa sabuni kwa mwezi. Mukakalisa angeifanya hata bila sabuni, na sababu yake aliijua mwenyewe.

Sababu ilikuwa barua. Yeye na Polikarpi walivuka mto mwaka sitini na moja, vijana, godoro kichwani. Walilima kahawa za watu mpaka wakapata kibanja chao cha migomba. Mungu aliwapa watoto wanne, akawaachia mmoja. Huyo mmoja, Immaculata, akampenda kibarua mmoja aliyevuka kuja kuchuma kahawa, Celestin, kijana wa kilima kiitwacho Rugarama, mwenye tabia ya kuimba akiwa juu ya ngazi. Mwaka themanini na saba wakafunga ndoa na kurudi kwao bwana harusi. Deodatha alicheka siku ile mpaka akashika mbavu. "Wewe ulikimbia kule na godoro," akasema, "mwanao anarudi na sanduku. Dunia hii kweli duara."

Mama na mwana walikuwa na mchezo wao. Immaculata aliuleta kutoka shuleni akiwa darasa la pili: vitendawili. Mmoja anatega, mwingine anategua. Akishindwa, anaambiwa atoe mji. Anataja mji, mtegaji anaupokea, ndipo anatoa jibu. Immaculata aligawa miji yote ya mkoa wa Kagera kabla hajafika darasa la nne. Mukakalisa hakugawa hata mmoja. Alikuwa mbishi, alitembea na kitendawili siku tatu, analima nacho, anapika nacho, anasali nacho rozari, mpaka kikafunguka. "Miji yangu siitoi," alikuwa akisema. "Niliacha mmoja zamani, yatosha."

Barua ya mwisho ilifika Kwaresima ya mwaka tisini na nne. Mistari michache ya salamu, kisha: "Mama, kitendawili. Mgeni wangu yuko njiani. Hana mzigo, hana fimbo, hajafika, na chakula changu anakula. Ukishindwa nipe mji, tena uwe mji mzuri, usinipe Kayanga ina vumbi. Jibu nitakuletea mwenyewe baada ya Pasaka."

Mukakalisa alilijua jibu kabla hajaikunja barua. Miaka saba ya ndoa bila mtoto, na sasa mgeni anayekula chakula cha mwenyeji kabla hajafika. Alikaa kwenye kizingiti akacheka peke yake. Lakini hakumwambia mtu, hata Polikarpi. Mimba si yako kuitangaza mpaka mwenyewe aitaje, na jibu la kitendawili hutolewa mbele ya aliyekitega. Akalitunza.

Pasaka ikapita. Wiki hiyo hiyo ya Pasaka ng'ambo kukaharibika, na yaliyofuata kila mtu wa Karagwe aliyaona kwa macho: watu walivuka kama siafu, makambi yakajaa, miti ikaisha. Mukakalisa aliyazunguka makambi kwa miguu, akauliza kila mtu, akataja jina, akataja kilima. Hakuna aliyemwona Immaculata. Hakuna aliyemwona Celestin. Mwaka ukageuka.

Basi siku Gaudiosus alipoleta picha ya kwanza, Mukakalisa hakuuliza habari za misitu. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, kubwa kama kitambaa cha mezani. Ikabidi izuiwe pembeni kwa vikombe viwili, kiazi na Biblia. Mto ulikuwa uzi mweusi. Ziwa lilikuwa kiraka cheusi. Na juu ya vyote kulikuwa na kitu cheupe kimetandaa kama maziwa yaliyomwagika kwenye sakafu ya udongo.

"Huo ndio moshi," Gaudiosus akasema kwa fahari, kama kwamba ameuwasha yeye.

"Rugarama ni wapi hapo?"

Gaudiosus alikuwa na ramani nyingine ndani ya mkoba. Akaitoa, akapima kwa rula, akahesabu, akahamishia kwenye picha. Akaweka kitone kwa penseli. "Hapa."

"Na moshi huu umeanzia wapi?"

"Moshi una kichwa na mkia, mama. Huku unakotawanyika na kufifia ndiko unakokwenda. Ukitaka kujua ulikotoka, unaufuata kinyume, kinyume, mpaka pale unapokuwa mwembamba na mweupe kuliko kwingine." Kidole chake kikarudi juu ya picha taratibu, kikavuka mto, kikasimama. Akatazama kitone cha penseli, akatabasamu. "Ajabu. Ni hapo hapo pako. Rugarama."

"Una hakika?"

"Kamera haina sababu ya kusema uongo."

Hakuuliza mama yule ana nini na Rugarama. Alidhani ni kumbukumbu za wazee. Wazee wote wa asili ya kule walikuwa na kilima chao.

Alipoondoka, Mukakalisa aliingia ndani akaketi miguuni pa mumewe. Alipokuwa mtoto, mama yake alikuwa akimtoa nje kila asubuhi ahesabu mapaa yanayofuka moshi. Nyumba inayofuka ina watu, wazima, wanapika. Nyumba isiyofuka hutumiwa mtu na kaa la moto kwenye kigae, akaulize: mmelala njaa, mmeugua, au mmefiwa? Hesabu ile ya asubuhi haikuwahi kumdanganya mtu kijijini kwao. Panapofuka moshi pana mtu. Hilo alilinyonya pamoja na maziwa.

"Baba Immaculata," akasema. "Rugarama kunafuka moshi."

Polikarpi alikuwa na uvimbe tumboni. Hospitali walimfungua, wakatazama, wakamshona, wakamrudisha nyumbani na vidonge vya kutuliza maumivu. Alikuwa amebaki mifupa na macho, macho yenyewe manjano kama ndizi mbivu. Na alikuwa na neno moja tu alilolitaka duniani: binti yake azikwe. Aliyepotea bila mwili huzikiwa shina la mgomba, likafungwa kwa shuka kama mtu, likalazwa kaburini. Moto ukawashwa uani, watu wakaacha kulima, wakalia, wakamaliza. Padre alisema hayo si ya Kanisa. "Padre ana kaburi la mama yake," Polikarpi alijibu.

Shina lenyewe alikuwa ameshalichagua. Nyuma ya jiko kulikuwa na mgomba alioupanda Immaculata mwaka wa komunyo yake ya kwanza, ukazaa, ukakatwa, ukachipua, ukazaa tena, miaka yote hiyo.

"Mukakalisa," alisema siku ile, maana alipotaka kumshinda mkewe alimwita kwa jina lake. "Mimi naondoka. Nikitangulia kabla huyu hajazikwa, nitamkuta wapi? Mimi nitakuwa ndani, yeye atakuwa bado anazunguka nje."

"Mtu anayepika huzikwaje?"

"Moshi unaweza kuwa wa yeyote."

"Ni wa Rugarama. Kijana amepima kwa rula."

Akafumba macho. "Haya. Ngoja picha nyingine."

Hivyo ndivyo ilivyoanza, kumngojesha mtu anayekufa. Picha zilikuja kila baada ya wiki mbili, zikitokea Nairobi katika bahasha ndefu. Ya pili: moshi, Rugarama. Ya tatu: moshi, Rugarama, mpana zaidi. Mukakalisa alikuwa akirudi chumbani na uso wa mtu aliyetoka kupokea barua. Alianza kusema mambo ambayo hakuwa akiyasema. Kwamba Immaculata siku hizi labda anapikia nje, maana jiko lao liliezekwa nyasi na lilikuwa likivuja. Kwamba amechelewa kuja kwa kuwa njia mbaya, na mtu mwenye mzigo mgongoni hatembei haraka.

"Mzigo gani?" Polikarpi akauliza.

"Nasema tu."

Lakini moyoni alikuwa akihesabu. Mgeni yule, kama alifika, alishatimiza mwaka. Alikuwa anasimama kwa kushika ukuta. Ana meno manne.

Naye Polikarpi, kidogo kidogo, akaacha kudai mgomba. Uji ukapungua kutoka bakuli hadi kikombe, kutoka kikombe hadi vijiko, na asubuhi akawa anauliza yeye: "Wa leo ni upi? Umetoka wapi?" Mkewe aliposema ng'ambo, aligeukia ukutani, na si kwa hasira tena. Deodatha aliyaona hayo akamvuta Mukakalisa pembeni, nyuma ya banda la mbuzi.

"Mwenzangu," akasema, "mimi mdomo wangu unaufahamu. Leo sitanii. Huyu mzee ulimpa nini, dawa au pombe?"

"Nilimpa mwanawe."

"Basi mpe kwa mikono miwili, maana mkono mmoja naona unatetemeka."

Kulikuwa na mtu wa kambini, Twagirayezu, aliyekuja kufanya kibarua cha kupalilia kibanja chao tangu Polikarpi aache kushika jembe. Mtu mzima, kimya, mchapakazi. Mukakalisa alisikia kwamba katika kukimbia kwake alipita maeneo ya Rugarama. Akamwuliza.

"Mama, sikupita njia ile," alijibu, akawa anatazama mpini wa jembe.

Mukakalisa aliondoka ameridhika. Lakini mtu aliyepita njia nyingine huitaja njia aliyopita, na huyu hakuitaja yoyote. Hilo nalo alilisikia. Akalifunga, akaliweka mbali na pua yake.

Wiki ya mwisho ya Agosti upepo uligeuka siku mbili mfululizo. Majivu yalidondoka juu ya majamvi ya kahawa, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya maji ya kunywa ya kuku. Vilima vya ng'ambo vikafutika vyote. Mukakalisa aliandika asubuhi, mchana na jioni, ukurasa ukajaa.

Siku ya tano pikipiki ikasikika. Gaudiosus aliteremka akiwa na furaha ambayo hakuweza kuificha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo umewaonea huruma kuku, umezima mbali."

"Mama, umefanya kazi kuliko sisi wote wa ofisini." Akatandaza picha pale nje, mezani, chini ya dirisha la chumba cha mgonjwa. Vikombe, kiazi, Biblia. "Tazama. Hii ilipigwa saa nane mchana, siku ile ya kwanza. Moto umeanzia hapa, Rugarama kwako, moshi ndio kwanza unafika mtoni. Nipe daftari."

Akafungua, akatafuta tarehe kwa kidole, akasoma kwa sauti ya mwalimu anayemsifu mwanafunzi:

"'Jioni. Moshi umefika. Magharibi. Mweupe sana. Nyasi tupu. Hauna harufu ya kuni. Hauna harufu ya samadi.'" Akainua macho. "Unaona? Picha inasema umetoka, wewe unasema umefika. Na hili la samadi hakuna chombo duniani kingetuambia. Chombo hakina pua."

Mukakalisa aliinamia daftari. Alikuwa akitazama mwandiko wake mwenyewe. Hauna harufu ya kuni. Hauna harufu ya samadi. Aliyaandika mwenyewe, siku hiyo, amesimama ukingoni, akiwa mwangalifu asije akasema uongo. Akageuza kurasa nyuma. Julai: nyasi tupu. Julai: nyasi tupu, hauna kuni. Agosti: nyasi tupu. Akaweka kidole kwenye kitone cha penseli.

"Mwanangu, hiki kitone kwenye nchi ni kikubwa kiasi gani?"

"Hiki? Punje ya ulezi hapo ni kama kilometa moja. Chombo hakioni kilicho kidogo kuliko hapo."

"Basi jiko hakilioni."

"Jiko?" Gaudiosus akacheka kidogo. "Hapana, mama. Hata ukiwasha majiko ya kijiji kizima hakioni. Kinachoonekana ni moto mkubwa wa nyika. Huu moshi wote ni kama kutoka hapa mpaka Nkwenda kunawaka."

"Nyasi za kuwaka hivyo ni za namna gani?"

"Ni ndefu, zimemzidi mtu. Za mahali ambapo kwa mwaka mmoja, miwili, hakuna ng'ombe aliyekula, hakuna mbuzi, hakuna aliyefyeka wala kulima wala..." Hapo ndipo sauti yake ilipoanza kupungua, kama mtu anayetembea akaona ghafla kwamba amefika ukingoni. Akamtazama. Tangu Juni alikuwa akimtafutia mama huyu kilima kimoja, picha baada ya picha, kwa rula.

"Mama," akasema taratibu. "Rugarama kuna nani?"

"Hakuna mtu," Mukakalisa akasema.

Lilikuwa jibu tu la swali aliloulizwa, na alipolisikia likitoka kinywani mwake akajua kwamba lilikuwa limekaa ndani muda mrefu, tangu mchana ule wa Twagirayezu na mpini wa jembe, pengine tangu Pasaka yenyewe. Kijijini kwao watoto walifundishwa kuhesabu mapaa yanayofuka. Hakuna aliyefundishwa kwamba kilima kinaweza kufuka kuliko siku zote za uhai wake kwa sababu hakuna hata paa moja lililobaki juu yake.

Gaudiosus alivua kofia akaishika kwa mikono yote miwili. Alijaribu kusema kitu kuhusu kutokujua kwake. Mukakalisa akamkatisa. "Wewe ulijibu nililouliza, mwanangu. Picha yako ni ya kweli. Ikunje."

Ndani, Polikarpi alikuwa amelala anaelekea dirishani.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Masikio hayajaugua." Akatafuta pumzi. "Ni siku ngapi nimekungoja?"

"Nyingi."

"Kesho ni Jumamosi," akasema. "Kesho ni siku nzuri."

Kaburi lilichimbwa na Twagirayezu. Hakuitwa, alikuja na jembe na koleo, akachimba upande wa magharibi wa kibanja, udongo mwekundu ukirundikana. Mukakalisa alipomletea maji ya kunywa, mtu yule alisema, akiwa ndani ya shimo mpaka kiunoni, "Nilipita njia ile, mama."

"Najua."

"Nyumba yao ilikuwa..."

"Kunywa maji, Twagirayezu."

Shina la mgomba akalikata mwenyewe kwa panga, pale nyuma ya jiko, na ule utomvu ukamchafua mikono, doa lisilotoka kwa sabuni yoyote, hata ya ofisi. Akalifunga kwa shuka nyeupe. Watu walikuwa wameanza kufika, wanawake wameketi, Polikarpi ametolewa nje kwenye kiti, amefunikwa blanketi juani kama mtu wa baridi. Shina likateremshwa. Ndipo Mukakalisa akarudi nyuma ya jiko, akainama, akang'oa kwenye kisiki kile kile chipukizi kidogo, kirefu kama kutoka kiwiko hadi kiganja, bado kina majani yaliyosokotwa. Akakivingirisha katika kanga yake ya kichwani. Akashuka nacho kaburini, akakilaza ubavuni mwa shina.

Polikarpi alikitazama kile kifurushi. Akamtazama mkewe. Kwa mara ya kwanza tangu augue alilia kwa sauti, na watu wakadhani ni kwa ajili ya binti peke yake.

Moto uliwashwa uani na Deodatha, kwa kaa alilolileta nyumbani kwake juu ya kigae. Hakutania. Majembe yote ya kitongoji yalikaa chini. Siku ya tatu asubuhi Polikarpi hakuulizia moshi, na mkewe alipomgusa alikuwa ameshapoa. Moto haukuzimwa, ukaongezewa kuni, ukawa wa wote. Yeye alizikwa karibu na shina, karibu kiasi kwamba kama kuna kutafutana huko, hakukuwa na umbali wa kutafuta.

Siku ya saba Gaudiosus alikuja kwa miguu, ameiacha pikipiki barabarani. Alileta mche wa sabuni. Alimkuta ameketi peke yake kando ya moto, mchana, watu wameanza kupungua. Daftari lilikuwa juu ya kigoda. Tangu Jumamosi ile halikuandikwa kitu.

"Si lazima uendelee, mama," akasema. "Nitawaambia ofisini."

"Huu wetu mtauona kwenye picha?"

Gaudiosus akautazama ule moshi, jinsi ulivyopanda wima, mwembamba, ukapita kingo za migomba na kupotea. "Hapana," akasema. "Huu ni mdogo."

"Nilidhani hivyo."

Alipoondoka, Mukakalisa akasogeza gogo moja kwa mguu. Moshi wa mti wa muhumula, mzito. Ukashuka kifuani, ukakaa. Jibu alikuwa nalo. Alikuwa nalo mwaka mmoja na nusu, amelibeba kama yai mkononi, amelihifadhi kwa siku ya kulitoa kwa kicheko mbele ya aliyetega, na sasa lilikuwa limelala chini ya udongo ndani ya kanga. Kulisema angelisema kwa nani?

"Nimeshindwa, Imma," akasema. "Nakupa mji. Chukua Rugarama."

Anayepewa mji huupokea kwanza, kisha hutoa jibu. Ndivyo mchezo ulivyo. Mukakalisa akakaa, mikono yenye doa la utomvu juu ya magoti, akangoja, mpaka Deodatha alipopaza sauti kutoka jikoni kwamba uji unapoa.